Sauti ilichorwa kabla haijasikika



Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, majaribio yalitukaba koo, sasa tumepumua. Hadithi za kafteria zipo (na nyingine hazifai kuandikwa), lakini leo niacheni niandike historia kidogo. Nataka kuongelea kile kipicha kinachotokea ukipokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Mnakijua. Vijiti vimesimama wima, vingine virefu, vingine vifupi. Ukivitazama tu, kabla hujabonyeza, unajua hapa jamaa anafoka, hapa kanyamaza, hapa anavuta pumzi kabla hajaomba hela. WhatsApp waliviweka mwaka 2022, na wengi tunavichukulia kama urembo tu.

Sasa sikilizeni. Picha ya namna hiyo ni kongwe kuliko sauti iliyorekodiwa yenyewe! Binadamu aliweza kuichora sauti kwenye karatasi miaka 20 kabla hajaweza kuipiga tena ikasikika. Kwanza picha, halafu sauti. Mimi nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani mwandishi kachanganya madawa, nikaenda kuhakikisha kwingine. Ni kweli tupu.

Tuanze Paris. Édouard-Léon Scott de Martinville alizaliwa mwaka 1817 na hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa mtu wa matbaa: kupanga herufi, kusahihisha prufu za vitabu vya watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 ikamwangukia mezani prufu ya kitabu cha fiziolojia, ndani mna michoro ya sikio la binadamu. Msahihishaji mwingine angetafuta nukta na mkato akapita zake. Huyu akakaa akiutazama ule mchoro. Kiwambo cha sikio, vile vimifupa vidogo vya nyuma yake... Wakati huo Wafaransa walikuwa wameshazoea picha za kamera, maana ufundi wa Daguerre ulitangazwa mwaka 1839. Scott akajiuliza: kama jicho limepata mashine ya kuliigiza, kwa nini sikio lisipate?

Akatengeneza sikio la bandia. Kuna mdomo mpana kama wa tarumbeta wa kukusanyia sauti. Mwisho wake pamewambwa ngozi nyembamba, ndiyo ngoma ya sikio. Kwenye ile ngozi pameshikizwa unywele mgumu wa nguruwe. Unywele unagusa karatasi iliyozungushwa kwenye silinda, na karatasi imepakwa masizi ya taa, yale yale yanayochafua dari kwa koroboi. Ukiongea, ngozi inatikisika, unywele unatikisika nayo, na mkono wa kuzungushia unaisogeza karatasi. Unywele unakwangua masizi na kuacha mstari mweupe unaopanda na kushuka. Tarehe 26 Januari 1857 Scott alikabidhi bahasha iliyofungwa yenye maelezo ya wazo lake kwenye Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na tarehe 25 Machi mwaka huo huo akachukua hataza. Mashine aliiita fonotografu... samahani kwa wanaopenda Kigiriki, jina kamili ni fonautografu, yaani sauti inayojiandika yenyewe.

Na hapo kwenye jina ndipo ilipo nia yake. Huyu bwana alikuwa mtu wa herufi. Alichotaka ni hatimkato ya asili, ile ya makatibu wa zamani wa mahakamani, ila safari hii iandikwe na sauti yenyewe bila mkono wa mtu katikati. Mwigizaji anasema mistari yake jukwaani, mashine inaiandika na hasira zake na vilio vyake, kisha wewe na mimi tunaketi na ile karatasi tunaisoma kama tunavyosoma gazeti. Kuirudisha sauti masikioni haikuwa hoja yake kabisa.

Tatizo likawa moja tu, nalo kubwa: mistari ile haisomeki! Chukua neno "baba" uliseme wewe, aliseme dada yako, aliseme mtu mwenye mafua. Unapata michoro mitatu tofauti. Hata wewe mwenyewe ukilirudia halitoki sawa. Macho yanaona wapi kuna nguvu na wapi kuna kimya, yanaona mapigo yamebanana au yameachana, lakini neno halionekani. Mpaka leo hakuna anayeweza kuangalia vile vijiti vya kwenye simu akakwambia umetukanwa tusi gani. Atakwambia umetukanwa kwa nguvu, basi.

Kuanzia mwaka 1859 Rudolph Koenig, fundi maarufu wa vifaa vya akustika pale Paris, aliitengeneza mashine hiyo na kuiuza kwa maabara. Wanafizikia wakaipenda kwa kazi zao za kupima mitetemo. Ndoto ya hatimkato ikafa pole pole.

Kisha ukaja mwaka 1877, na Edison kule Marekani akatoa mashine yake ya karatasi ya bati. Sindano inachimba bati, na ukiirudisha juu ya njia ile ile inaongea. Dunia nzima ikapiga kelele. Scott, mtu wa miaka 60 sasa, akiishi kwa kuuza vitabu na picha za kuchapwa, aliumia. Mwaka 1878 akachapisha kitabu cha kudai haki yake, na hoja yake moja mimi naiona ina utu ndani yake hata kama alishindwa: alisema mashine ya Edison inarudia maneno, haiandiki, na yeye alitaka maandishi. Alifariki Aprili 1879. Wala sisemi Edison aliiba, maana kuchimba njia inayorudi kuwa sauti ni wazo jingine kabisa. Ila mtu aliyeona kwanza kwamba sauti inaweza kushikwa ikakaa mahali alizikwa bila kelele yoyote.

Kabla sijaendelea, kuna kisa cha sikio la maiti, siwezi kukiruka. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwa mwalimu wa viziwi. Aliziona fonautografu akafikiri zitamsaidia: mtoto asiyesikia aone mchoro wa sauti ya mwalimu, ajaribu na yeye mpaka mchoro wake ufanane. Mwaka 1874 akashirikiana na daktari wa masikio wa Boston, Clarence Blake, na daktari akasema kwa nini tuhangaike na ngozi ya kuwamba wakati sikio lenyewe lipo? Wakatumia sikio la marehemu, na vimifupa vyake, wakashikiza unyasi mkavu, na kuchora kwenye kioo kilichopakwa masizi. Ikachora! Bell akashangaa jinsi kiwambo chembamba vile kinavyosukuma mifupa mizito kuliko chenyewe, akawaza kumbe kiwambo kikubwa zaidi kinaweza kusukuma kipande cha chuma mbele ya sumaku. Simu ikazaliwa humo. Kwa hiyo hata hiyo simu mkononi mwako ina undugu na kile kipicha.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Miaka 150 ile michoro ya Scott ilikaa kwenye makabrasha ya Paris, mingine ofisi ya hataza, mingine pale Akademia. Mwaka 2007 na 2008 kikundi cha watafiti wa Marekani kinachoitwa First Sounds, wakiwemo David Giovannoni na Patrick Feaster, walikwenda kuitafuta. Wakaipata, wakaipiga picha za ubora mkubwa sana, na wanasayansi wa maabara ya Lawrence Berkeley, Carl Haber na Earl Cornell, wakasaidia kuugeuza ule mstari uwe namba na namba ziwe sauti. Machi 2008 wakatangaza: tumesikia mtu akiimba wimbo wa watoto wa Kifaransa, Au clair de la lune, uliochorwa tarehe 9 Aprili 1860. Miaka 17 kabla ya bati la Edison!

Ilitoka sauti nyembamba, sekunde kama 10, na watu wakasema ni binti anaimba. Magazeti yakaandika. Halafu mwaka 1909, mwaka gani huo, 2009 jamani, wenyewe wakarudi wakasema hapana. Ilikuwa hivi. Scott alikuwa mjanja, pembeni ya mstari wa sauti alichora mstari wa pili wa ile uma ya chuma ya maabara ya fizikia, ukiigonga inatoa mlio mmoja usiobadilika. Hiyo ndiyo saa yake. Mkono wa mtu hauzungushi silinda kwa mwendo sawa, mara unakazana, mara unachoka, lakini ukihesabu mapigo ya uma unajua sekunde moja ilianzia wapi na kuishia wapi. Sasa Wafaransa wa wakati ule walihesabu kwenda na kurudi kama mitetemo miwili, wengine wanaihesabu mmoja. Watafiti wakaisoma uma hiyo mara mbili ya mwendo wake, na wimbo ukakimbia mara mbili. Ulipopunguzwa, yule binti akageuka mwanaume, anaimba taratibu, sekunde kama 20. Inaaminika ni Scott mwenyewe.

Hebu fikirieni. Alisema hataki sauti irudi, anataka maandishi. Maandishi yakashindikana kusomwa na macho kwa karne moja na nusu, na mwisho yakasomwa na kompyuta, ikatoka sauti yake! Mwaka 2015 UNESCO waliiingiza michoro hiyo kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia.

Baada ya Edison picha na sauti zikaanza kuishi nyumba moja, ingawa wengi hawakuliona hilo. Santuri ni nini kama si mchoro uliochimbwa? Zile santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, ukiziweka chini ya darubini utaona sauti yake inapinda kushoto na kulia. Na kwenye santuri ndefu, zile zilizotoka mwaka 1948, baba zetu walikuwa na kipicha chao tayari: ukitaka wimbo wa tatu unatafuta kwa macho mkanda laini unaong'aa kati ya wimbo na wimbo, unashusha sindano hapo. Madijei wakaenda mbali zaidi, wanaitazama mifereji mwanga unavyoipiga, wanajua hapa pana ngoma nyingi, hapa pametulia. Kaseti ndiyo iliyotuua macho. Mkanda wa kaseti ni wa kahawia mwanzo hadi mwisho, ukiutazama huoni kitu, unabaki kusonga mbele, kusimama, kusikiliza, kurudi nyuma, mpaka betri ziishe.

Filamu nazo zilikuwa na picha ya sauti, mchirizi pembeni ya mkanda ambao taa inausoma. Watu wakaanza kuuchora kwa mkono! Arseny Avraamov kule Urusi ya Kisovieti mwaka 1930, Rudolf Pfenninger na Oskar Fischinger kule Ujerumani karibu na mwaka 1932. Unachora meno meno kwa wino, unayapiga picha, unapata muziki ambao hakuna ala iliyoupiga. Napita haraka hapo ingawa panastahili makala yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maabara za Bell zikatengeneza mashine ya picha ya aina nyingine. Hii inapanua sauti wima: chini besi, juu sauti nyembamba, na mahali penye nguvu panakuwa peusi. Mwaka 1947 wakatoa kitabu, wakidai mtu akifunzwa anaweza kuisoma. Ndoto ya Scott imerudi! Kidogo ilifanikiwa, na wenzetu wa isimu ndio wanaoila matunda. Wanatumia programu inaitwa Praat, iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, na ni ya bure. Mkae na mtu wa Mombasa mrekodi maneno mawili, paa la nyumba na paa yule mnyama. Tahajia yetu inayaandika sawasawa. Sisi wa bara tunayatamka sawasawa pia, na tunajiona tumemaliza. Kwenye picha ya mtu wa Mombasa utaona kwamba baada ya midomo kuachana kwa yule mnyama kuna vumbi la pumzi kabla irabu haijaanza, na kwenye nyumba halipo. Macho yanaona kilichopotea kwenye herufi. Mimi nikiulizwa matumizi gani ya picha ya sauti yamenigusa, hili liko juu.

La pili ni la mahakamani. Rais Nixon wa Marekani alikuwa anarekodi mazungumzo ya ofisini kwake. Kwenye mkanda wa tarehe 20 Juni 1972, siku 3 baada ya wezi kukamatwa Watergate, Nixon anazungumza na msaidizi wake Haldeman, ghafla dakika 18 na nusu ni mvumo mtupu. Katibu wake, Rose Mary Woods, alisema huenda yeye alifuta kama dakika 5 kwa bahati mbaya alipopokea simu huku mguu uko kwenye kanyagio. Jaji Sirica akapelekewa jopo la wataalamu 6, waliokubaliwa na pande zote mbili. Hawa hawakusikiliza tu. Waliyachora mawimbi ya mvumo ule, na wakaupaka mkanda kimiminika chenye chembe za sumaku ili alama zilizoachwa na mashine zionekane kwa macho. Maana kichwa cha kufutia kikisimama au kikianza, kinaacha alama yake pale pale. Wakazihesabu alama. Taarifa yao ya mwaka 1974 ilisema sehemu ile ilifutwa kwa kubonyeza vitufe kwa mkono mara 5 mpaka 9. Mguu hauwezi kuteleza mara 5! Aliyefuta hajajulikana, na maneno yaliyofutwa hayakurudi. Makavazi ya Taifa ya Marekani yalijaribu tena, na mwaka 2003 yakakata tamaa.

Mmoja wa wale 6, Thomas Stockham, ni miongoni mwa waasisi wa kurekodi sauti kwa namba. Na namba ndizo zilizoileta picha mezani kwetu. Mwaka 1985 vijana wawili wa Marekani, Peter Gotcher na Evan Brooks, walitoa programu ya Sound Designer kwa kompyuta za Macintosh: unaiona sauti kwenye kioo, unaikata kwa kipanya kama unavyokata sentensi. Mwaka 2000 ikaja Audacity, iliyoanzia chuo cha Carnegie Mellon kwa Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, bure kabisa, na ndiyo imewalea watu wa studio za chumbani kote duniani. Mwaka 2008 SoundCloud wakaifanya picha yenyewe kuwa kichezeo: unabonyeza mlimani, unasikia mlima.

Sasa kipicha chenyewe kinatengenezwaje? Wengi mnadhani ni uchawi wa wahandisi. Njooni.

Kompyuta inapima mgandamizo wa hewa mara 44,100 kwa sekunde, huo ndio mwendo wa CD tangu mwaka 1982. Kila kipimo ni namba kati ya -32,768 na 32,767. Wimbo wa dakika 3 una vipimo 7,938,000 kwa upande mmoja wa spika. Kipicha chako kina upana wa pikseli 800. Ina maana kila mstari mmoja wa wima ubebe vipimo karibu 9,922. Swali lote la ufundi ni hili: kati ya namba 9,922 unachora ipi?

Ukichukua moja tu na kutupa nyingine, unacheza bahati nasibu. Kofi linaweza kupigwa katikati na lisionekane. Ukichukua wastani, unapata sifuri au jirani yake, maana wimbi linapanda juu ya mstari na kushuka chini yake kwa kiasi kile kile. Ni kama mtu aliyepanda na kushuka ngazi za hosteli mara 20 akitafuta funguo, halafu wewe unatoa wastani wa safari zake na kusema huyu hakwenda popote. Jasho lile limetoka wapi?

Njia inayofanya kazi ni kuchukua mbili: kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote. Unavuta mstari kutoka ya chini hadi ya juu, unahamia pikseli inayofuata. Basi. Ukitaka kuonyesha na uzito wa sauti jinsi sikio linavyousikia, unazidisha kila kipimo kwa chenyewe ili hasi zife, unatoa wastani, unatafuta kipeuo cha pili, unakichora ndani kwa rangi nyingine. Ndiyo maana Audacity ina buluu mbili, nzito na nyepesi. Na ili isihesabu upya kila ukivuta karibu, Audacity iliundwa ihifadhi muhtasari wa kila vipimo 256, na mwingine wa kila 65,536. Kwa vile vijiti vya kwenye simu kazi ni ndogo zaidi: gawa sauti mafungu 60, kila fungu lipe alama 0 hadi 100, umemaliza. Namba 60 tu! Kama faili ni MP3 lazima kwanza ifunguliwe irudi kuwa vipimo, hapo ndipo laptop za kizamani zinapohema. Ukiwa na ffmpeg, ndani yake mna kichujio kinaitwa showwavespic, kwa amri moja kinatoa picha. BBC nao walitengeneza chao, audiowaveform, na wamekigawa bure.

Picha hizi zimezua na ugomvi wake. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki waliweka picha ya CD pembeni ya picha ya nyimbo zile zile kutoka kwenye mchezo wa Guitar Hero. Ya mchezo ina mabonde na vilele. Ya CD ni tofali! Kila kitu kimesukumwa juu mpaka dari, hakuna pumzi. Malalamiko ya masikio yalikuwepo miaka mingi, ila ilipoonekana kwa macho ndipo watu wakashika bango.

Na mimi nimeingiaje huku? Mjomba aliniletea kaseti 14 za babu. Marehemu alikuwa na kinasa sauti chake, akirekodi vikao vya ukoo, mahari, wosia kwa watoto, na bibi anataka kusikia sauti yake. Kaseti hazina maandishi, au zina maandishi ya uongo. Nikachomeka waya kutoka redio ya shangazi kwenda kwenye laptop, upande mmoja dakika 30, halafu nikatoa picha za upande upande. Kwa pikseli 800, kila mstari ni sekunde 2.25. Kwa mara ya kwanza kaseti ikawa na uso. Mahubiri ya redioni unayajua, yamejaa sawasawa. Kikao cha ukoo ni mafungu mafungu, mzee mkubwa ana mlima, wengine vichuguu, na kicheko kina kichwa kikali na mkia unaopungua kama wa samaki. Babu namjua kwa kuwa alikaa karibu na kinasa sauti: swali la mtu linakuja dogo, jibu lake linakuja kubwa.

Upande wa nane ndio ulionitoa machozi kidogo, siwafichi. Dakika 7 za mwanzo ni umbo lile lile la babu, swali dogo jibu kubwa. Halafu tofali. Mtu alirekodi muziki wa redio juu yake. Nani, hakuna anayekumbuka, na bibi amekataza kuulizana. Nikavuta picha mpaka mwisho. Tofali linakwisha dakika ya 26, kuna kijiti kimoja kirefu cha kitufe kilichobonyezwa, na nyuma yake yale mafungu yanarudi. Dakika 4. Kwa masikio tusingefika huko, tungesikia muziki tukatoa kaseti. Babu anaeleza mipaka ya shamba kwa majina ya miti, na miti miwili kati ya hiyo mjomba anasema bado imesimama.

Tumeshamaliza kaseti 5. Zimebaki 9, na redio ya shangazi imeanza kula mkanda tangu Jumanne, kwa hiyo tunasubiri fundi apate mpira wake.